Bugali Iliyolala na Mtoto wa Shule

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kalamu mnaijua kuliko mimi. Mimi nilisoma kidogo tu, nikatolewa shuleni kulea wadogo zangu. Kwa hiyo sitawafundisha mambo ya vitabu. Nawaambia habari ya tumbo, maana nawaona: mnanunua unifomu na mfuko mpya, mnapiga mtoto picha, halafu mnamtuma shuleni bila kitu tumboni.

Mjukuu wangu alianza mwaka wa kwanza wa shule hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Nyumbani mdomo wake ulikuwa haulali, anatania hata wakubwa. Shuleni akawa gogo. Madamu wake, yaani mwalimu, akaniita, akasema bila kuzunguka:

"Mama, huyu mutoto analala ku benchi. Namuita, haitike. Kama iko hivi mpaka mwezi uishe, nitamurudisha nyumbani, angoje mwaka wenye kuja."

Majirani wote wakawa waganga. Mmoja alisema ni minyoo, mwingine akasema ni jicho baya la watu. Binti yangu, mama wa mtoto, alitaka kumchapa. Nikamwambia aweke fimbo chini. Asubuhi iliyofuata yeye alikwenda shambani kama kawaida, mimi nikaketi jikoni kimya, nione mtoto anaondoka na nini.

Kwetu jioni tunapika bugali ya mihogo, na inayobaki inafunikwa. Hiyo bugali iliyolala ndiyo chakula cha asubuhi. Basi, mwanangu wa kiume, mvuvi tunayeishi naye, akarudi kutoka ziwani, nguo zinadondosha maji. Akafunua sahani, akala, akamaliza na mchuzi. Mtoto alipoamka alikuta sahani imelambwa. Akanywa maji, akavaa shati, akaenda zake. Hata hakulia. Alikuwa amezoea, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamshika mwanangu kabla hajalala.

"We, hiyo bugali ilikuwa ya nani?"

"Ya mwenye kuikuta, Mama! Mi natoka ku ziwa, usiku muzima na baridi. Mutu wa maji anakula wa kwanza. Si ni weye ulitufundisha?"

"Nilifundisha. Baba yako alikula, ninyi mukabaki hapa munacheza mu mavumbi. Huyu hachezi. Anaenda kazi."

"Kazi gani? Kukaa ku benchi?"

"We unakula, unaenda kulala. Yeye hakuli, anaenda kusoma. Sasa unashangaa nini akilala kule?"

Mke wake, aliyekuwa anaosha vyombo kando yetu, alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Mwanangu hakucheka.

"Basi mi nilale na njaa? Ndakala ya nyumba hii, hizi samaki ndogo munakula, nani analetaka?"

Hapo alikuwa na haki. Mtu aliyevuta nyavu mpaka kunakucha huwezi kumwambia angoje. Nikamgeukia mkewe: awe anamsongea yake asubuhi, ya moto. Sasa yeye ndiye aliyeacha kucheka.

"Mama mukwe, na makala ya jiko? Kuwasha moto mara mbili?"

"Makala inanunuliwa. Mwaka wa mutoto unauzwa ku soko gani?"

Aliokota mwiko wake akaufuta kwa nguvu, nikajua nimemuudhi. Audhike. Nilikuwa na mwezi mmoja tu, na ulikuwa umeshaanza kuliwa.

Mtataka kujua kama mtoto alirudishwa. Hakurudishwa. Kabla mwezi haujaisha madamu alikuwa analalamika kwamba anaongea kupita kiasi. Lakini jioni ya siku ile, tulipokusanyika kula, hakuna aliyejua hilo. Niliona sura zilizonuna tu kuzunguka chungu. Nikachukua mwiko mwenyewe, nikakata donge, nikasema wote wasikie:

"Kuanzia leo donge la kwanza ni la mutoto wa shule. Linafunikwa kwanza, mbele hatujanawa mikono. Wa ziwa atapikiwa yake. Na asubuhi, mutu asitoke mu mulango huu kama mutoto hajakula, hata mimi."