Sponji Niliyoiosha Gitega

Siku yangu ya kwanza kazini, hoteli nzima ya Gitega ilikuwa inapigwa deki kwa ajili ya wageni. Chef wa ufundi, yaani mkuu wa mafundi, bwana mpole wa Gasorwe, alinionyesha tangi la samaki wa baharini pale mapokezi. "Usiguse kitu, subiri nirudi," akasema, akaondoka.

Sasa mimi nimelelewa na mama ambaye mgeni akibisha hodi, hata sufuria safi inaoshwa tena. Nilichomoa sponji ya chujio, nyeusi, inateleza, nikaisugua kwa maji ya bomba mpaka ikawa nyeupe, nikaianika juani kabla ya kuirudisha. Nilijiona mfanyakazi hodari!

Siku ya tatu samaki walikuwa wanahema juu ya maji.

"We binti, hii sponji iko nyeupe hivi, nani ameosha?"

"Ni mi, Chef. Wageni walikuwa wanakuja."

"Yoo! Ule weusi ndio ulikuwa unafanya kazi."

Ninyi mnaoanza kazi hii, shikeni hili: katika ule utelezi wanaishi bakteria wanaovunja amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe. Klorini ya bomba na jua vinawaua. Sponji husuuzwa kwa maji yaliyotolewa tangini, tena kidogo tu. Na kwa kuwa kwetu hakuna bahari, maji tunayatengeneza kwa chumvi maalumu ya magunia, si ile ya jikoni, na kuyapima kwa hidromita, kipimo cha chumvi.

Chef alikuwa na pipa la maji hayo tayari. Tulibadilisha robo ya tangi, tukasimamisha chakula, kesho yake tukarudia. Wengi walipona. Yule wa njano, kipenzi cha Directrice, mkurugenzi wetu, alikufa mkononi mwangu.

Directrice alikuja amekasirika. "Nani aliharibu chujio?"

"Ni mi, Madame," Chef akajibu.

Nami nikanyamaza. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi siku ya nne, na woga huo nimeuonea haya maisha yangu yote. Chef alihamishiwa hoteli ndogo ya Muyinga. Mimi nikabaki Gitega na cheo kikapanda. Nilipopelekwa Muyinga kumalizia utumishi wangu, yeye alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Gasorwe si mbali, lakini miaka yote ile sikuthubutu kwenda.

Wiki niliyostaafu, nilikwenda. Nilimkuta anachambua maharage na mkewe.

"Chef, nimekuja kuomba msamaha. Ulitolewa Gitega kwa kosa langu, ukadanganya ili mi nibaki."

Aliweka ungo chini, akanitazama kwa mshangao.

"Kudanganya? Mi nilikuambia usubiri, sikukuambia kwa nini. Madame aliuliza, nikamwambia ukweli."

Nililia pale pale, mbele ya mkewe, bila aibu.