Ukurasa wa Mlangoni

Juzi sokoni Matiliku nilimwona msichana akisoma gazeti lenye habari za sayari, na wivu wa zamani ukanirudia. Kuta za nyumba ya susu, nyanya yetu, zilibandikwa magazeti kwa uji wa unga, na mchana mmoja nilipokuwa mtoto zilinuka moshi na uji uliochacha. Dada yangu Mutheu alisimama kitandani akisoma kwa sauti: mwezi hauna hewa, Nairobi inapanuka. Niliamini habari ikisomwa huisha. Leo najua si hivyo, ingawa bado sipendi gazeti lililofunguliwa na mwingine.

“Susu, mwambie aniachie,” nikalia.

“Akuachie nini, na karatasi hiyo hapo?”

“Kuja basi nikusomee ya mlangoni,” Mutheu akasema.

Nikaukimbilia ukurasa huo, nikaufunika kwa mgongo na mikono, nikasimama hapo mpaka giza likamzuia kuona herufi.