Mstari wa Kwanza wa Ubao

Kila mwaka, mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado inapiga mabati ya mtaa wa Mfaranyaki, Mwalimu Muhsini Daimu aliingia Kidato cha Pili na chaki za rangi tatu mfukoni, akawageuzia wanafunzi mgongo na kuwaandika wafalme wa Mali kutoka juu ya ubao hadi chini. Hakushika karatasi. Sundiata, aliyeijenga dola. Uli, mwanawe. Wati. Khalifa. Abubakari. Sakura. Kisha wawili ambao hakuna anayekumbuka majina yao, kisha Musa, Magha, Suleimani. Herufi zake zilisimama wima, zimeachana sawasawa, na hata mwanafunzi mtundu alisita kuzifuta.

Watoto walimpenda Khalifa kwa sababu alikuwa kichaa. Aliwalenga raia wake kwa mishale kwa kujifurahisha tu, mpaka wakamuua. Walimpenda na Sakura, mtumwa aliyeachwa huru, asiye na tone la damu ya Sundiata. Ukoo ulipokuwa unavutana, yeye alikitwaa kiti akaipanua dola kuliko walivyofanya watoto wa mwenye kiti. Aliuawa akitoka kuhiji, na kiti kikarudi kwa wenyewe.

"Lakini mnamwona?" mwalimu aliuliza, akiligonga jina kwa chaki. "Yumo. Wenye ukoo walirudi, na yeye bado yumo kwenye orodha."

Hata hivyo ambaye mwalimu mwenyewe alimpenda zaidi alikuwa Musa, na si kwa ajili ya dhahabu yake. Mfalme aliyemtangulia Musa alitaka kujua bahari kubwa ya magharibi inaishia wapi. Akafunga safari na vyombo vyake, akamwacha Musa amshikie kiti mpaka arudi. Hakurudi. "Musa mwenyewe," mwalimu alisema kila mwaka kwa maneno yale yale, "alianza kama kaimu." Darasa lilicheka, naye akajifanya hajui kwa nini. Alijua sana. Walikuwa wanamwita Mansa, yaani mfalme kwa lugha ya Mali, nyuma ya mgongo wake, na jina hilo lilimkaa vizuri moyoni.

Maana Muhsini alikuwa kaimu. Alikuwa kaimu mkuu wa shule kwa miaka kumi na miwili, na kama kuna mtu anayefikiri cheo hicho ni kidogo, ajaribu kukibeba kwa muda huo. Shule ilikuwa ya mtu binafsi. Kwenye karatasi ilikuwa na jina refu la kupendeza, lakini mjini Songea watu walisema "kwa Haule" na dereva wa bodaboda akakufikisha. Mwenyewe alikuwa Mzee Rupert Haule, mfanyabiashara wa mahindi, aliyeianzisha mwaka 2000 ndani ya ghala lake. Muhsini alitoka kwao Tunduru, akafika pale mwaka 2008 kufundisha historia. Hakuwa Mngoni, hakuwa Mkatoliki, na hakuwa na shangazi aliyeolewa kwa akina Haule. Alikuwa na kazi yake na mwandiko wake.

Mwaka 2013 Mzee Rupert alipigwa na kiharusi. Alimwita Muhsini kitandani, akamwambia kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai, "Nishikie ofisi mpaka nipone." Hakupona. Muhsini aliajiri walimu, akasuluhisha wazazi, akajenga maabara, akaitoa shule mkiani kwenye matokeo ya mkoa mpaka watu wa Namtumbo na Mbinga wakaanza kuleta watoto. Na kila barua aliyoandika, iwe ya kuomba madawati au ya kumfukuza mlevi, aliitia sahihi juu ya maneno yale yale: Kny. Mkuu wa Shule. Kwa niaba. Alimaliza vitabu vingi vya nakala kwa niaba ya mtu aliyekuwa analishwa uji kwa kijiko.

Nyumbani mkewe, Zulfa, alikuwa amechoka kabla yake. "Watu wananiuliza, mumeo ni nani pale shuleni? Nasema kaimu. Kaimu ni nini, Baba Sharifa, ugonjwa?"

"Mzee ameniahidi," alijibu. Na kweli mzee alimwahidi, siku moja wakiwa wawili tu: shule ni ya watoto wangu, ila ofisi ni yako. Ahadi ya watu wawili, mmoja wao yuko njiani kufa, ndiyo Muhsini aliyoishikilia kama cheti.

Alichokitaka hasa kilikuwa ubao. Anayeijua ofisi yoyote ya nchi hii anaujua ubao ule: mbao iliyopakwa rangi, imetundikwa juu ya kiti cha mkubwa, ina majina ya wakuu waliotangulia na miaka yao. Wa kwa Haule ulikuwa wa mninga, na aliyeuandika alikuwa Muhsini mwenyewe, mwaka 2010, wakaguzi walipokuwa wanakuja. Ulikuwa na mstari mmoja tu: Rupert Haule, 2000. Baada ya mwaka huo kulikuwa na kistari na nafasi tupu. Kwa miaka kumi na miwili Muhsini aliketi chini ya ubao huo na nafasi tupu ikamtazama kisogoni. Alijua mstari wa pili utakavyokaa. Alikuwa amekwisha kupima herufi zake kwa macho.

Mzee Rupert alifariki mwezi wa nne mwaka 2025. Arobaini ilipopita, mwanawe Valence alikuja kutoka Dar es Salaam na gari jeupe, akawakusanya walimu chumba cha walimu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei, mpole, wa kushika mkono wa mtu kwa mikono miwili. Alisema familia imekaa. Yeye ndiye atakuwa mkuu wa shule. Mwalimu Muhsini, ambaye wote tunamheshimu, atarudi taaluma. Walimu wakapiga makofi, kwa kuwa makofi hayagharimu kitu.

Siku ya pili akamwita ofisini. Mwezi wa nane shule ingesherehekea jubilei ya miaka ishirini na mitano, na wageni wangekuja.

"Mwalimu, naambiwa ubao huu ni kazi ya mkono wako. Naomba uumalizie. Mzee umwekee 2000 hadi 2013. Chini yake uniandike mimi, kuanzia 2013."

Muhsini alidhani amesikia vibaya. "2013 ulikuwa Dar, mkuu."

"Nilikuwa Dar, ndiyo. Ila mzee alikuwa amekwisha niteua. Familia haitaki pengo pale."

"Hakuna pengo. Nilikuwepo mimi."

Valence alimtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Mwalimu wangu, wewe ulikuwa unamshikia mzee tu."

Muhsini alitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji bila kufungua maji. Hasira ilimjaa. Miaka yote alijihesabu kuwa Musa, kumbe alikuwa Sakura. Na hata Sakura hawakumfuta! Lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine kinachomchoma, naye hakutaka kukitazama. Maneno yale, "ananishikia tu," alikwisha kuyasikia siku za nyuma, ndani ya ofisi ile ile.

Alihitaji shahidi ambaye mji ungemsikiliza, na alikuwepo mmoja. Jumamosi alipanda Hiace ya Peramiho, akashuka Maposeni, akaulizia kwa Mwalimu Kasiana.

Mama Kasiana Komba alikuwa ndiye mkuu wa kwanza wa shule ile, yule wa siku za ghala. Mzee Rupert alikuwa barabarani na malori yake ya mahindi; Kasiana ndiye aliyesajili wanafunzi arobaini wa mwanzo, akafundisha masomo manne, akafagia pumba za mahindi kila asubuhi kabla ya kengele. Alifanya hivyo miaka saba. Majengo yalipokamilika na kiti kikapata mto, mzee alikumbuka kwamba kiti ni chake. Kasiana akarudi kijijini kulima.

Muhsini alimkuta uani, ameketi kwenye mkeka, anapukuchua mahindi. Alikuwa na miaka karibu sabini na mgongo ulionyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, keti." Akampa kigoda na kikombe cha togwa, akaendelea na mahindi yake wakati mgeni anaeleza. Muhsini alieleza yote: kiharusi, ahadi, Kny., gari jeupe, mstari wa pili. Alimwomba aje kwenye jubilei. Wanafunzi wake wa kwanza sasa walikuwa watu wazima, mmoja padri, mmoja hakimu, na wote walikuwa wamealikwa. Akisimama mama Kasiana akasema ukweli, nani angebisha?

Alipomaliza, mama akapangusa mikono kwenye kanga.

"Mwaka 2011 nilikuja pale kuchukua barua," alisema. "Nikaambiwa nisubiri ofisini. Nilisubiri saa mbili nzima, ubao uko mbele yangu. Rupert Haule, 2000. Nikamuuliza yule msichana wa kuchapa, nani ameandika vizuri hivi? Akasema Mwalimu Muhsini wa historia."

Muhsini akakishika kikombe bila kunywa.

"Ulikuwa unanijua?"

"Nilikuwa nakusikia, mama. Walimu wa zamani walikuwa wanakutaja."

"Ukamuuliza mzee?"

"Nilimuuliza." Sauti ilimtoka ndogo. "Akasema ulikuwa unamshikia tu."

"Nawe ukaandika."

"Nikaandika."

Mama Kasiana hakupandisha sauti. Alichukua hindi lingine, akaling'oa punje mbili tatu kwa kidole gumba. "Huyo Valence simjui, na wewe huna kosa naye. Umefanya kazi, nimesikia, watu wanakusifu. Haya. Rudi uufute mstari wa kwanza uuandike upya. Kasiana Komba, 2000 hadi 2007. Ukishauandika, nitakuja jubilei yenu, nitasimama mbele ya padri na hakimu na huyo mtoto, nitasema nani alikuwa mkuu baada ya mzee. Usipouandika, usinitafute tena. Mimi sitasimamia jina lako na langu liko chini ya rangi."

Ilikuwa haki, na haki ya bei nafuu. Hata ukimchukia Muhsini utakubali kwamba njiani kurudi alikuwa amekwisha amua. Alimweleza Zulfa, na Zulfa akasema, "Basi kesho. Usilale nalo." Alilala nalo wiki mbili. Alisema anasubiri rangi nyeupe. Alisema anasubiri Valence asafiri. Alisema mbele za watu na moyoni mwake kila kinachosemwa na mtu anayeogopa kurudishwa Tunduru akiwa amebakiza miaka mitatu ya kazi, mtu ambaye hata ndugu zake huko wanamwita mkuu.

Wiki ya jubilei Valence alimwita tena. Mezani kulikuwa na makopo mawili ya rangi, brashi mpya, na kipande cha mbao chenye maandishi.

"Sikulazimishi, mwalimu. Ukishindwa kuna kijana wa mabango pale stendi, ameniletea sampuli."

Muhsini aliitazama sampuli. Herufi zilikuwa zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. H ya Haule ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Rangi ilikuwa imechuruzika. Na hapa ndipo mtu anapokosa la kumwambia, kwa sababu kilichomshinda Muhsini Daimu siku ile hakikuwa hofu peke yake. Alishindwa kuvumilia kwamba ubao wake, kazi yake nzuri kuliko zote, utaandikwa vibaya.

"Lete kiti," alisema.

Valence mwenyewe alimshikia kiti asianguke. Muhsini alianzia mstari wa kwanza, ili kuongeza 2013. Brashi ilikuwa sentimita mbili kutoka kwenye jina la Rupert, na kopo la rangi ya kufutia lilikuwa wazi. Ingemchukua dakika tano. Akaandika 2013. Akashuka chini kidogo akaandika Valence R. Haule, 2013, na kistari, na nafasi tupu. Herufi zilisimama wima, zimeachana sawasawa.

"Hakuna kama wewe, mwalimu," alisema Valence, akampa mikono yote miwili.

Siku ya jubilei uwanja ulijaa viti vya plastiki. Padri aliongoza sala, kwaya ikaimba, na ubao ukatolewa ofisini ukasimamishwa juu ya meza yenye kitambaa cha satini, watu wauone. Muhsini alikuwa amevaa suti aliyopigiwa pasi na Zulfa, ambaye yeye mwenyewe alikataa kuja. Alikuwa anawapangia wageni viti alipomwona mama Kasiana akiingia getini na pochi nyeusi, amevaa kitenge kipya. Hakuna aliyempelekea habari za ubao. Alikuja akiamini mtu.

Mama alikwenda moja kwa moja mezani. Alitoa miwani akavaa. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akarudia wa kwanza. Muhsini alisogea karibu, akatafuta neno, akapata lile la kawaida tu.

"Shikamoo mama."

Alivua miwani akaikunja.

"Marahaba. Mwandiko wako haujaharibika, mwalimu."

Akaenda kuketi safu ya tatu, kati ya wanafunzi wake wa ghala, ambao walisimama wote kumpisha. Wanafunzi wa Kidato cha Pili walipita na maji, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mansa huyo," wakacheka. Baada ya hotuba ya Valence, mshereheshaji alishika kipaza sauti akauliza kama kuna mzee yeyote mwenye neno juu ya historia ya shule yetu. Muhsini aligeuka kumtazama mama Kasiana, akimwomba Mungu mkono wake mmoja uinuke. Mama alikuwa anatazama mbele, ameishika pochi yake kwa mikono yote miwili.