Unga Mweusi wa Chupa ya Pili

Nijicheke kabla hamjanicheka. Mi nafagia maabara ya shule moja Gitega, ila kwetu ni Gasorwe, Muyinga. Juzi Mwalimu Espérance alimimina dawa ya vidonda katika chupa mbili. Ya kwanza, yenye unga mweusi, ikafoka povu. Ya pili ikatulia tu, na Déo wa stoo anatabasamu. Nikajua: huyu kaiba unga ili mwalimu wangu aaibike! Mwalimu alipogeuka kuandika kanuni ya kasi ya mmenyuko ubaoni, nikachota unga kwa kidole kwenye kopo lake mezani, nikatia ile ya pili. Ikafoka.

“Nani huyo?” mwalimu akamaka. “Hii haikutakiwa unga! Sasa tutalinganisha kasi ya ile yenye unga na nini?”

“Ni Déo, mwalimu!” nikasema, nikimnyooshea kidole.

Darasa zima likakitazama kidole changu. Kilikuwa cheusi tii.