Pale Fimbo Inapovuma

Asubuhi moja ya mwaka sitini na saba nilitoka nyumbani, mtaa wa Malindi mjini, na fimbo ya gofu begani na mpira mmoja mfukoni, bila ya kujua ninakwenda wapi. Darajani lori lilikuwa linajitayarisha kurudi shamba. Nikamwuliza dereva anaelekea wapi. Akasema Bwejuu, pwani ya mashariki. Nikapanda.

Fimbo niliinunua mnadani pamoja na mipira mitatu. Wazungu waliokuwa wakicheza mchezo ule Mnazi Mmoja walikwisha ondoka, na hapakuwa tena na duka lililouza mipira yake. Miwili niliipoteza vichakani. Wa tatu niliutunza kama mboni ya jicho, maana nilikuwa na swali ambalo bila ya mpira nisingelipatia jibu. Kwa nini nikipiga kwa nguvu zangu zote unakwenda hatua sitini, na siku moja moja, nikipiga ovyo huku nawaza mambo mengine, unaruka mpaka naupoteza machoni? Shule niliiacha darasa la sita. Labda jibu lilikuwa darasa la saba.

Bwejuu nilikuta maji yametoka, mchanga mgumu umelala mtupu karibu na kufika mwambani. Nikaukalisha mpira juu ya kichuguu cha mchanga, nikaupiga kwa nguvu zote. Ukabiringika tu, ukaenda kutumbukia kwenye mashimo ya makumbi. Wanawake walikuwa wakifukua humo makumbi ya nazi yaliyozikwa miezi mingi, wakiyagonga kwa magongo kupata usumba wa kusokotea kamba. Mmoja wao, wa umri wa mama yangu, akauokota.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Yai la ndege gani hili?"

"Mpira wangu, Bi. Nnao huo huo tu."

"Na umekukosea nini hata ukaupiga vile?"

Wenzake wakaangua kicheko. Akaufunga fundo kwenye pindo la kanga yake, akanipa gongo. "Gonga kumbi hili. Likitoa usumba safi, nakupa chako."

Niligonga mpaka jasho likaniingia machoni. Kumbi lilibonyea tu, na unga wake umeganda nyuzini vile vile.

"Basi, basi! Utaniulia kumbi langu." Akalichukua gongo, akalinyanyua bila ya haraka kama anayenyanyua upawa, akaliacha lishuke. Mkono ulikaza pale lilipokaribia kumbi tu. Unga ukapukutika.

"Sikiliza," akasema. "La kwako linavuma huku juu, sikioni. Likifika chini lishachoka. La kwangu linavuma wapi?"

Nikasikiliza. Lilivuma chini.

Miaka miwili nilikuwa nikiitazama fimbo yangu, sikuwahi kuisikiliza. Nikaigeuza, nikaishika upande wa chuma ili iwe nyepesi, nikaizungusha hewani. Vuu! Juu ya bega. Nikarudia.

"Bado," akasema, hata hakuinua kichwa.

Tabu ilikuwa pale juu kabisa, fimbo inapogeuka kushuka. Mikono yangu ilitaka kuwahi. Ilibidi kiuno kianze, bega lifuate, na mikono ikubali kuwa ya mwisho. Adhuhuri ilinikuta bado nazungusha. Hatimaye mvumo ukashuka mpaka usawa wa goti, pale pale ambapo mpira ungekaa. Nikarudi kwenye gongo. Kumbi likafunguka, na mikono haikuniuma.

Akafungua fundo, akanipa mpira wangu.

Maji yalikwisha anza kujaa, na wanawake walikuwa wakibeba mizigo yao kupanda pwani. Akili iliniambia niutie mpira mfukoni. Lakini sauti ya fimbo nilikuwa nayo sasa, na bado sikujua kama ndiyo jibu.

"Bi, nijaribu?"

"Si wako?"

Nikaelekea sambamba na ufuko, mbali na maji. Nikapiga. Mikononi sikuhisi kitu chochote, na hilo ndilo lililonishtua. Mpira ulipaa, ukapinda kuelekea baharini, ukaenda mbali kuliko mpira wowote niliowahi kuupiga, ukazama majini karibu na jiwe jeusi.

Nikakimbia. Maji yakanifika magotini, kisha mapajani.

"Rudi wewe!" Bi alikuwa akipiga kelele nyuma yangu. "Maji hayamjui mtu wa mjini!"

Nikarudi nimerowa, nikamwonyesha jiwe kwa kidole.

"Jiwe lile kesho saa nne liko kavu," akasema. "Utautafuta. Una ndugu hapa?"

"Sina, Bi."

Akanitazama mimi, akaitazama fimbo. "Kaka yangu ana banda la nyavu, na kitanda kimo. Utalala huko. Haya, jitwike mzigo ule, usinisimamie."

Nikajitwika tita la usumba, majimaji yake yakinitiririkia shingoni, nikamfuata. Kitanda kilikuwa kifupi kwa shibiri moja, na nyavu zilinuka. Nikakunja miguu, nikalala.