Nilikosoa Sauti ya Mama Mkwe, Wazee Wote Wakasikia

Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana humu wamo watu wa kwetu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nakaa Masisi. Wazazi wangu ni wakulima wa maharagwe, na mimi nafundisha sauti katika kwaya ya kanisa letu. Nina mchumba, nimwite Bahati, kwao ni Pinga. Ndoa yetu iko mashakani, na kilichoiponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Kuna kundi la WhatsApp la watunzi chipukizi, kuanzia Bweremana mpaka Hombo. Mtu akitunga wimbo anautuma kwa msimamizi, naye anauweka kundini kwa namba tu, bila jina, ili tusioneane haya. Sisi watatu tunaojua muziki kidogo tunausikiliza na kutoa maoni kwa audio. Mimi ndiye nilisifika kwa ukali. Sitawadanganya, nilikuwa naupenda huo ukali. Nikimchana mtu, wenzangu wanacheka, wananiita profesa, na mimi kichwa kinavimba.

Mwezi uliopita ukaja wimbo namba kumi na nne, wa shukrani ya mavuno. Maneno mazuri, gitaa safi. Lakini aliyeongoza alikuwa mama mtu mzima, na kila akipanda juu sauti inampasuka. Ningeweza kusema tu, "Mushushe wimbo kidogo, mama apumue." Ndiyo dawa yake, na wanakwaya wangu nawaambia hivyo kila wiki. Badala yake nikasema, na narudia hapa kwa aibu: "Wimbo iko muzuri, lakini huyu mama analia sawa mulango yenye haina mafuta. Mumutoshe mu wimbo, muweke binti. Yeye aende kuchambua maharagwe." Vicheko vikajaa kundini, nami nikajiona.

Sikujua kwamba mtunzi ni Bahati. Alinificha makusudi kwamba ametuma wimbo, alitaka ahukumiwe kama mgeni. Na aliyeimba ni mama yake mzazi, ambaye anaongoza kwaya ya akina mama pale Pinga tangu Bahati hajazaliwa. Mimi nilionana naye mara moja tu, siku ya kutambulishwa, na siku hiyo hakuimba.

Sasa sikieni lilivyotokea. Kwao mtandao haushiki nyumbani. Bahati hupanda kilima, anapakua kila kitu haraka haraka kabla chaji haijaisha, kisha anashuka kusikiliza nyumbani. Siku hiyo wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani wakipanga safari ya kuja kwetu kuleta mahari. Bahati akaona audio yenye jina langu. Kwa furaha, bila kuisikiliza kwanza, akaiunganisha na redio kubwa ya nyumbani, akawaambia, "Bazee, musikie sauti ya mukamwana wenu." Ndugu zangu, waliisikia. Yote, mpaka pale pa maharagwe.

Alipanda tena kilimani kunipigia. "Umeniua. Mama aliinuka, akaingia mu nyumba. Bazee banasema habaende tena kwenu." Tangu siku hiyo mama hajakwenda kwaya. Nilituma audio ya kuomba msamaha, nalia kweli, lakini Bahati alikataa kuifungua mbele ya watu. Kwake, kuomba msamaha ni kukubali kwamba maneno yale yalimhusu mama. Akaniambia, "Sema ulikosea namba, ile maneno ilikuwa ya wimbo ingine. Sema sauti ya mama iko muzuri sana. Bazee bakisikia ile, banakuja."

Nimeirekodi audio hiyo mara sijui ngapi, na kila mara nimeifuta. Nikifika pale pa "muzuri sana" naisimamisha. Adabu nilikosa, nakiri, na najichukia kwa hilo. Lakini uongo wa kwenda kuuishi ndani ya nyumba ya watu naogopa.

Nikiwa katika hali hiyo, jana nikapokea audio kutoka namba nisiyoijua. Niliposikia ni nani, niliirudisha mwanzo nikaanza upya. "Mutoto yangu, ni miye mama ya Bahati. Niko ku kilima, nimeomba simu ya jirani, Bahati hajue. Nimesikia Bahati anataka useme uongo ili nifurahi. Ile ya maharagwe iliniumiza, sitakuficha. Lakini hii miaka yote hakuna mwenye aliniambiaka kama sauti inapasuka, bote banasema amina tu. Nimeimba tena, sikiliza. Siku ya Mungu, kisha ibada, nitaambia bazee bafungue redio, basikie jibu yako. Sema kweli. Mukamwana wa uongo, miye simupokei."

Chini yake kulikuwa na wimbo. Nimeusikiliza mara tano. Amejitahidi mpaka nimelia, amevuta pumzi vizuri, ameimba polepole. Na bado inapasuka, tena palepale.

Najua mtaniambia, sema ukweli kwa heshima. Hilo nimemwambia Bahati, bila kumtaja mama. Alinijibu, "Mbele ya bazee hakuna kweli ya heshima. Ukisema inapasuka mara ya pili, njo basi, nitafute mwingine." Nampenda huyu mwanaume, wapendwa, miaka mitatu si mchezo. Na yule mama naye nimeanza kumpenda, kwa ile audio moja tu.

Leo ni Ijumaa, na hiyo Siku ya Mungu, Jumapili, ni kesho kutwa. Asubuhi mama amenitumia ujumbe wa neno moja: "Minangoja," yaani bado ananisubiri. Nimeshika simu hapa, kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi. Nyinyi wenye hekima, nitoe sauti gani kwenye ile redio?