Samaki Wawili kwa Kila Mvuvi

Mamangu hali samaki. Kwake samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea, na wazee wengi wa kwetu Ruiru watamuunga mkono. Lakini jioni hiyo wakwe wa dada yangu, watu wa ziwani, magharibi ya nchi, waliohamia Makongeni, walikuwa wanakuja kutuona kwa mara ya kwanza: baba, mama, mjomba na mchumba mwenyewe. Dada alisema kila mmoja awekewe samaki mzima, aliyevuliwa siku hiyo hiyo, la sivyo tutaonekana tumewadharau. Alisema akilia, kwa hivyo hakuna aliyebisha.

Nikaenda na ndoana mbili kwenye bwawa la kuvulia kwa malipo. Mlinzi akanieleza sheria: kila mvuvi samaki wawili, na asiyefika mstari uliochorwa kwenye ubao anarudishwa majini. Ndoana ya pili lazima iwe na mtu wa pili. Nikampigia mama simu.

Alikuja na nguo za kanisa, akashika fimbo ya ndoana kwa leso, uso ameugeuza upande. Samaki walimpenda. Kabla ndoana yangu haijaguswa hata mara moja, alikuwa ametoa wawili wanono.

"Mathe, hesabu yako imeisha," mlinzi akasema. "Weka chini."

"Na huyu hajapata kitu? Basi nimvulie yake."

"Hapana, mathe. Kila mtu anavua yake."

Alasiri nikapata mmoja mzuri, halafu mwingine aliyepungua kwa upana wa kidole. Tulipomlaza kwenye ubao, mama alimshika mkia, bila leso, akaanza kumvuta.

"Ai, mathe! Samaki hapimwi akivutwa!"

"Namnyoosha tu. Si unaona amejikunja?"

Akarudishwa majini. Mama alisimama pale akimtazama akienda zake, amekasirika kama mtu aliyenyang'anywa shamba.

Tukabaki na watatu kwa wageni wanne, na dada akamwagiza mchumba aseme ameshiba. Mezani baba mkwe akauliza samaki wazuri hivi wamevuliwa na nani. Mimi na kiherehere changu nikamtaja mama. Mzee akainuka, akachukua samaki wake, mkubwa kuliko wote, akamwekea mama juu ya githeri yake ya mahindi na maharagwe.

"Mama, wewe ndiye umevua. Utaanza wewe."

Mama alimtazama samaki kwa muda, kisha akamega, akatafuna, akameza, akaendelea mpaka kichwani.

"Ni tamu, baba," akasema.

Mzee alifurahi kupita kiasi. Harusi ilifanyika, na tangu hapo kila akija na dada kututembelea humletea mama samaki wake, mzima. Nimemsihi mama aseme ukweli, maana dada ameshatulia kwake na hakuna wa kumrudisha. Hataki kusikia. Huketi akamla hadi mwisho, macho yamemtoka, na dada amemshika mkono chini ya meza.